Kuchachua, Kunasa na Kutumia: Lugha ya Kueleza Uhusiano wa Vijiumbe na Metali za Lanthanidi, kwa Mifano ya Nyanda za Juu Kusini

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna Kiswahili kinavyoweza kueleza taaluma ambayo bado ni changa duniani, yaani matumizi ya vijiumbe katika kupata na kutenganisha metali ambazo vyombo vyetu vya habari huziita "madini adimu". Hoja yetu kuu ni kwamba majina ya elementi zenyewe ni heri yakopwe na kutoholewa, lakini vitenzi vya kueleza kazi ya vijiumbe vitafutwe ndani ya lugha, kwa kuwa humo tayari vimo. Mifano imetolewa zaidi katika mikoa ya Mbeya na Iringa na maeneo yaliyozaliwa kutokana na mikoa hiyo.

1.0 Utangulizi

Kaskazini mwa jiji la Mbeya, pembeni mwa bonde la Rukwa, upo mwamba wa kabonatiti wenye umri wa takriban miaka bilioni moja. Ramani na taarifa za makampuni huuandika Ngualla. Wenyeji na serikali za mitaa huandika Ngwala, kwa kufuata othografia ya Kiswahili. Eneo hilo lilikuwa sehemu ya Mkoa wa Mbeya hadi mwaka 2016 ulipoanzishwa Mkoa wa Songwe. Akiba ya mbale iliyotangazwa hapo ni tani milioni 18.5 zenye wastani wa asilimia 4.8 ya oksidi za metali tunazozijadili, yaani zaidi ya tani 880,000 za oksidi. Takriban sehemu moja ya tano ya oksidi hizo ni za neodimiamu na praseodimiamu, metali zinazotumika kutengeneza sumaku zenye nguvu nyingi za magari ya umeme na mitambo ya upepo. Mwezi Aprili 2023 Serikali ya Tanzania ilitia saini mkataba na kampuni ya Peak Rare Earths ya Australia, na ikaundwa kampuni ya ubia, Mamba Minerals, ambamo Serikali ina hisa za asilimia 16.

Mambo hayo yanajulikana kwa wachumi na wanajiolojia. Kinachotuhusu sisi wanaisimu ni swali jingine: mwananchi wa Ngwala anapoitwa mkutanoni kuelezwa kitakachotokea katika eneo lake, au mwanafunzi wa ualimu wa sayansi katika Chuo Kikuu Kishiriki cha Elimu Mkwawa anapotakiwa kulifafanua jambo hilo kwa Kiswahili, je, maneno aliyonayo yanamwonesha njia au yanampoteza? Swali hili linakuwa zito zaidi tukizingatia kwamba utafiti wa miaka ya karibuni umefungua njia ya kutumia bakteria, kuvu na protini zao katika uchenjuaji wa metali hizo. Mradi wa Ngwala umepangwa kwa njia za kawaida, yaani kusaga mwamba na kuutenga kwa povu, wala si kwa vijiumbe. Hata hivyo, taaluma hiyo itakapotufikia, itatukuta ama tukiwa na lugha ya kuihoji ama tukiwa hatuna.

2.0 Tatizo la jina

Lugha za Ulaya huziita metali hizi kwa jina lenye sehemu mbili: moja humaanisha "adimu" na ya pili "ardhi" au "udongo". Tafsiri sisisi ya jina hilo ndiyo iliyotupa "madini adimu ya ardhi", "udongo adimu" na mengineyo. Tuchunguze kila sehemu.

2.1 "Ardhi"

Mwaka 1794 Johan Gadolin alichunguza jiwe jeusi kutoka kijiji cha Ytterby nchini Sweden na kupata ndani yake oksidi isiyojulikana. Katika kemia ya zama hizo, "ardhi" lilikuwa jina la oksidi yoyote isiyoyeyuka katika maji wala kubadilika kwa moto. Maana hiyo imekwisha kufa katika kemia. Lililobaki ni ganda la neno. Tunapolitafsiri ganda hilo kwa neno "ardhi" la Kiswahili tunaleta maana tofauti kabisa. Katika Tanzania "ardhi" ni neno la kisheria na kisiasa: kuna Sheria ya Ardhi na Sheria ya Ardhi ya Vijiji, zote za mwaka 1999. Kwa upande mwingine, madini yako chini ya Sheria ya Madini ya mwaka 2010, inayoyaweka chini ya mamlaka ya Jamhuri. Msikilizaji wa kijijini anayesikia "ardhi adimu" ana haki ya kudhani kwamba linalozungumzwa ni shamba lake. Kosa la tafsiri hapo linagusa haki.

2.2 "Adimu"

Seriamu, mojawapo ya metali hizi, inapatikana katika ganda la dunia kwa wingi unaokaribiana na ule wa shaba. Uadimu wake ni wa namna nyingine: metali hizi hazikusanyiki kwa urahisi mahali pamoja, na zinapokusanyika huwa zimechanganyika zenyewe kwa zenyewe. Ziko 17: lanthanidi 15, pamoja na skandiamu na itriamu. Atomi zake zinafanana mno kwa ukubwa na kwa tabia, hata kuzitenganisha kwa njia ya viyeyushi huhitaji hatua zinazoweza kufikia mamia. Wagunduzi walilijua hilo na wakalitia katika majina. Lanthanamu, iliyotambuliwa na Carl Gustaf Mosander mwaka 1839, inatokana na neno la Kigiriki lenye maana ya kujificha. Disprosiamu, ya mwaka 1886, maana yake ni "isiyofikika kwa urahisi". Mwaka 1841 Mosander alidhani amepata elementi moja, akaiita kwa neno la Kigiriki la "pacha". Mwaka 1885 Carl Auer von Welsbach alionesha kwamba "pacha" huyo alikuwa metali mbili: praseodimiamu, yaani pacha wa kijani, na neodimiamu, yaani pacha mpya. Hao ndio mapacha walio katika mwamba wa Ngwala.

Aidha, neno "adimu" katika Kiswahili cha Tanzania limekwisha kutumiwa kwa tanzanaiti na vito vingine, ambavyo havina uhusiano wowote na kundi hili. Hivyo "madini adimu" halitofautishi kinachopaswa kutofautishwa.

2.3 "Madini"

Neno hili, lenye asili ya Kiarabu, limebeba mzigo mkubwa. Kwalo tunataja mwamba unaochimbwa, kito, kemikali asilia yenye umbo maalumu, na hata metali yenyewe. Lakini bastnasiti, ambayo ndiyo madini yenye kubeba metali hizi huko Ngwala, si metali. Ni kiunga cha metali, florini na kaboneti. Tunapendekeza mgawanyo ufuatao, ambao maneno yake yote yamo katika lugha:

(1) mbale: mwamba wenye kitu kinachofaa kuchimbwa;
(2) madini: kiunga asilia kilichomo katika mwamba, mathalani bastnasiti au monaziti;
(3) metali: elementi inayotafutwa, mathalani neodimiamu.

Kwa jina la kundi zima tunapendekeza "metali za lanthanidi", na ifafanuliwe kwamba skandiamu na itriamu huhesabiwa pamoja nazo. Huenda wapo watakaosema kwamba kukopa ni uvivu, na kwamba jina la asili, mathalani "metali fiche", lingependeza na kuafikiana na etimolojia ya lanthanamu. Jina hilo linavutia, lakini katika mazingira ya mikataba ya madini neno "fiche" litasikika kama "siri", na litazua shaka isiyotokana na metali zenyewe. Jina la kukopa lina faida ya kutobeba maana ya awali: halifundishi kitu, lakini pia halidanganyi. Tumekwisha kuzoea sodiamu, potasiamu na protini bila madhara yoyote.

3.0 Vijidudu, vimelea au vijiumbe?

Upande wa pili wa uhusiano tunaoujadili nao una tatizo la jina. "Vijidudu" ni udogo wa "wadudu", na katika matumizi ya kila siku huashiria uchafu na maradhi. "Vimelea" vina asili ya kumea juu ya kiumbe kingine. Ni sahihi kwa vimelea vya malaria, lakini si kwa bakteria anayeishi peke yake katika maji au udongo. Mtu akiambiwa kwamba kiwanda kitamwaga vijidudu juu ya mawe, hofu yake itakuwa imezaliwa na kiambishi kabla haijazaliwa na hoja.

"Vijiumbe" ni neno lisiloegemea upande wowote: viumbe vidogo, basi. Linajumuisha bakteria, kuvu na hamira. Ndilo tunalolitumia katika makala haya. Tahadhari moja inahitajika. Kuondoa hofu isiyo na msingi kusiwe kisingizio cha kuondoa hadhari yenye msingi. Neno "asilia", ambalo watetezi wa teknolojia hii hupenda kulitumia, linaweza kupotosha kwa upande wa pili, kwani asidi iliyotolewa na kijiumbe bado ni asidi, na maji yanayotoka katika mbale iliyochenjuliwa nayo lazima yazuiwe yasifike mtoni.

4.0 Vitenzi vitatu

Katika maelezo mepesi husemwa kwamba bakteria "wanakula" madini. Kitenzi hicho kinachanganya mambo matatu ambayo kisayansi ni tofauti. Tunayaeleza moja moja.

4.1 Kuchachua

Jambo la kwanza ni kuyeyusha metali kutoka katika mbale kwa asidi inayotolewa na vijiumbe. Katika dhahabu na shaba njia hii ina historia. Mwaka 1947 ilitangazwa kupatikana, katika maji yenye asidi ya migodini, kwa bakteria ambaye leo huitwa Acidithiobacillus ferrooxidans. Bakteria huyo hupata nishati kwa kuoksidisha chuma na salfa. Lakini bastnasiti na monaziti hazina salfa wala chuma cha kumpa nishati. Hivyo kijiumbe hapati chochote kutokana na mwamba wenyewe. Ni lazima alishwe sukari, naye aigeuze kuwa asidi, na asidi hiyo ndiyo ifanye kazi. Ni dhahiri kwamba hapa kitenzi "kula" kimegeuza mambo juu chini: kinacholiwa ni sukari, si jiwe.

Mtu wa Iringa hahitaji kwenda maabara kuielewa hatua hiyo. Ulanzi hugemwa kutoka katika chipukizi la mwanzi na kukingwa kwa mbeta. Ukiwa mpya ni mtamu, na huitwa mtogwa. Ukikaa, hamira huigeuza sukari kuwa kileo, nao huwa mkangafu. Ukiachwa zaidi, bakteria hugeuza kileo kuwa asidi na kinywaji huwa siki. Bakteria wa siki ni wa familia moja na Gluconobacter oxydans, anayegeuza glukosi kuwa asidi ya glukoniki, na ambaye ndiye aliyechunguzwa sana katika kazi ya kuyeyusha lanthanidi. Katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 2016 nchini Marekani, mchuzi wa Gluconobacter uliyeyusha takriban nusu ya lanthanidi zilizokuwa katika vichocheo chakavu vya viwanda vya kusafisha mafuta. Katika mwaka huohuo yalichapishwa majaribio ya kuvu, akiwamo Aspergillus niger, juu ya monaziti. Hao waliyeyusha asilimia 3 hadi 5 tu. Tofauti hiyo inafundisha: taka ya kiwandani na mwamba mgumu si kitu kimoja, na anayeahidi matokeo ya kwanza juu ya mwamba wa pili anapaswa kuulizwa.

Kwa hatua hii tunapendekeza kitenzi "kuchachua", na nomino "uchachuaji wa mbale". Mzizi wake, -chacha, una pande mbili katika lugha: pombe iliyochacha yaweza kuwa njema, lakini wali uliochacha umeharibika. Pande hizo mbili zinafaa kubaki, maana zinamkumbusha msikilizaji kwamba mchakato wenye faida huhitaji kusimamiwa. Kitenzi "kuyeyusha" kibaki kwa maana pana, ikiwemo kazi ya moto. Wahunzi wa Unyiha na Ufipa, jirani na eneo tunalolizungumzia, waliyeyusha chuma katika matanuri ya udongo, na Kiswahili kikahifadhi hata jina la masalia ya kazi hiyo: mavi ya chuma. Kila uchenjuaji una mavi yake, na swali la kuuliza ni yatawekwa wapi.

4.2 Kunasa na kunasua

Jambo la pili ni kukamata metali iliyokwisha kuyeyuka katika maji. Mwaka 2018 Joseph Cotruvo na wenzake wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Pennsylvania walitangaza protini waliyoiita lanmodulini, kutoka kwa bakteria Methylorubrum extorquens, ambaye huishi juu ya majani ya mimea. Protini hiyo ndogo huwa imelegea. Ikikutana na lanthanidi hujikunja na kuishika. Huipenda lanthanidi kuliko kalisi kwa kiwango cha mara milioni 100 hivi. Ikiongezewa asidi ya kutosha, huiachia.

Kiswahili kinalieleza tendo hili kwa mnyambuliko mmoja. Mtego hunasa, anayemtoa mnyama mtegoni humnasua. Kiambishi cha kutendua -u-, kile tunachokiona katika funga na fungua, ziba na zibua, kinabeba ndani yake wazo ambalo lugha nyingine huhitaji neno jipya kulieleza: kwamba tendo la pili ni kinyume cha lile la kwanza, na kwamba mtego uleule unaweza kutegwa tena. Protini isiyoweza kunasua haina faida kiwandani, kwa sababu ingetumika mara moja tu.

Mwaka 2023 kundi hilohilo la watafiti lilieleza lanmodulini ya bakteria mwingine, Hansschlegelia quercus, aliyepatikana katika machipukizi ya mwaloni. Hii ina uwezo wa kuteua: molekuli zake mbili huungana vizuri zaidi zikiwa zimeshika lanthanidi kubwa kuliko ndogo. Kwa hiyo waliweza kutenganisha neodimiamu na disprosiamu, kwa hatua moja, hadi usafi wa zaidi ya asilimia 98. Hapa ndipo penye thamani, kwa kuwa gharama kubwa ya metali hizi, na uchafuzi mwingi unaoambatana nazo, viko katika kuzitenganisha zaidi kuliko kuzichimba. Hata hivyo, hayo ni matokeo ya maabara, na kutoka maabara hadi kiwanda ni safari ndefu.

4.3 Kutumia

Jambo la tatu ndilo lililowashangaza wanabiolojia. Kwa muda mrefu ilifundishwa kwamba lanthanidi hazina kazi yoyote katika uhai. Mwaka 2011 na 2012 watafiti wa Japani walionesha kwamba kuna bakteria ambao kimeng'enya chao cha kuvunjia methanoli hubeba lanthanidi. Mwaka 2014 ikatolewa habari ya Methylacidiphilum fumariolicum, bakteria kutoka matope ya moto ya Solfatara, karibu na Naples nchini Italia. Bakteria huyo alikataa kuota maabara mpaka aongezewe maji ya matope yake ya asili. Uchunguzi ulionesha kwamba alichokikosa ni lanthanidi. Kwake yeye metali hizi si anasa. Bila hizo haishi.

Hata hapa "kula" si kitenzi sahihi. Bakteria hula methani au methanoli. Lanthanidi ni kifaa ndani ya kimeng'enya, kama jembe lilivyo kwa mkulima. Mkulima hatumii jembe kwa kulila. Kwa hiyo tunapendekeza "kutumia", na "vijiumbe vitumia-lanthanidi" kwa kundi hilo. Uhusiano huu wa tatu ndio chimbuko la ule wa pili: kijiumbe kimejifunza kunasa kwa kuwa kinahitaji kutumia. Mwanafunzi akivitofautisha vitenzi hivi vitatu, atakuwa ameielewa nusu ya taaluma.

5.0 Funzo la "makinikia"

Huenda ikaulizwa kama kweli istilahi zina uzito huo katika maisha ya watu. Jibu tunalo katika historia ya karibuni. Mwezi Machi 2017 Rais John Magufuli alipopiga marufuku usafirishaji wa zao la migodi ya Bulyanhulu na Buzwagi nje ya nchi, watu wengi waliliita "mchanga wa dhahabu". Jina hilo liliwagawa wasikilizaji: waliotilia mkazo "mchanga" walishangaa kwa nini mchanga uzuiwe, na waliotilia mkazo "dhahabu" walidhani makontena yamejaa dhahabu tupu. Neno "makinikia" lilipoenea, mjadala ulipata kitu cha kujadiliwa: mbale iliyokwisha kusagwa na kuongezwa ukolezi, yenye dhahabu, shaba na fedha, lakini ambayo bado haijasafishwa. Watu ambao hawakuwahi kufika mgodini waliweza kuuliza maswali yenye maana: ukolezi ni kiasi gani? Nani anaupima? Kwa nini usafishaji usifanyike hapa?

Maswali hayohayo yanahusu Ngwala. Mpango wa awali wa mradi ulikuwa ni kutoa makinikia yenye takriban asilimia 45 ya oksidi na kuyapeleka Teesside, Uingereza, kusafishwa. Tofauti kati ya asilimia 4.8 ya mwamba na asilimia 45 ya makinikia, na kati ya makinikia na neodimiamu safi, ndiyo ngazi ya thamani. Mwananchi anayeijua ngazi hiyo kwa majina ya vidato vyake anaweza kuuliza nchi yake imesimama kidato cha ngapi. Endapo siku moja teknolojia ya kunasa na kunasua itapunguza gharama za kutenganisha, swali la kusafishia hapa nchini litapata sura mpya, na inafaa liulizwe kwa Kiswahili, kwa sababu ndiyo lugha ya Bunge na ya mikutano ya vijiji.

6.0 Hitimisho

Tumejaribu kuonesha kwamba majina tuliyoyapokea kwa njia ya tafsiri sisisi, yaani "ardhi", "adimu" na "vijidudu", yanapotosha, kila moja kwa namna yake. Na kwamba kitenzi "kula" kinaficha tofauti tatu za msingi. Mapendekezo yetu ni haya: mbale, madini na metali vitofautishwe, lanthanidi ikopwe, vijiumbe lipendelewe kuliko vijidudu, na vitenzi kuchachua, kunasa na kunasua, pamoja na kutumia, vipewe maana maalumu katika taaluma hii.

Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia iliyotolewa na TUKI mwaka 1990 ilionesha kwamba kazi ya namna hii inawezekana. Lakini ilitangulia ugunduzi wote tulioueleza katika sehemu ya 4.2 na 4.3. Kazi iliyobaki ni ya ushirikiano: BAKITA na TATAKI kwa upande wa lugha, na idara za sayansi na uhandisi za vyuo kama Mkwawa na Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya kwa upande wa taaluma. Wanafunzi wa uzamili wanaotafuta mada wangefanya vyema kuyapima mapendekezo haya kwa wasemaji wenyewe, Ngwala na kwingineko, ili ijulikane ni neno lipi linaeleweka, lipi linakataliwa, na kwa sababu gani.